Barua Hemani: Brutus wa Butiama na Askari wa Keya

Ukimwuliza msomaji wetu wa kawaida anakumbuka nini katika tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, atakutajia visu vya mwezi wa Machi na hotuba ya Mark Antony mbele ya maiti. Hayo mawili ndiyo yanayokaririwa shuleni, na ndiyo yanayoigizwa jukwaani. Onyesho la tatu la tendo la nne hupitwa haraka, kama mtu apitavyo uchochoroni ili awahi sokoni. Makala haya yanataka kusimama katika uchochoro huo. Humo yumo askari aliye mbali na kwao, usiku, kabla ya vita, naye anaulizwa swali dogo: je, mkeo amekuletea barua? Nashikilia kwamba swali hilo, lilipoingia katika Kiswahili kwa mkono wa mwana wa Butiama, lilikuta nyumba yake imekwisha kujengwa. Na kwamba uhakiki wetu wa fasihi ya vita umepungukiwa kwa kutoliuliza.

Kwanza onyesho lenyewe. Brutus yumo hemani karibu na mji wa Sardis, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, majeshi yakijiandaa kwenda Philippi. Ametoka kugombana na Cassius, wakapatana, na katika kupatana huko amemweleza mwenziwe kwamba Portia, mkewe, amefariki Roma. Punde anaingia Messala, naye ana barua zake. Wanalinganisha habari: barua za Brutus zinasema maseneta 70 wameuawa, za Messala zinasema 100. Ndipo Messala anapouliza kama Brutus amepata barua kutoka kwa mkewe. Hajapata. Je, katika barua za watu wengine hamna neno lolote juu yake? Hamna. Messala anaona ajabu, kisha analazimika kusema analolijua. Na Brutus anaipokea habari kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia, kwa utulivu wa mtu aliyeambiwa kuwa kesho huenda mvua ikanyesha.

Wahakiki wa Kiingereza wamebishana sana hapa. Wengine husema kwamba hizo ni nakala mbili za onyesho moja, zilizoachwa pamoja kwa bahati mbaya tamthilia ilipochapishwa mwaka 1623. Wengine husema kwamba Brutus anajikaza kwa makusudi mbele ya maofisa wake. Mimi nisiye na shahada, niliyejifunza kazi hii kwa kusoma na kufasiri, naliangalia jambo hili kwa jicho la barazani. Kwetu mtu akiulizwa hali hujibu kwanza kwamba hajambo, hata kama nyumbani kwake mna matanga. Hujambo? Sijambo. Habari yenyewe huja baadaye, ikitanguliwa na neno dogo: ila. Sijambo, ila mtoto ana homa. Sijambo, ila tumefiwa. Brutus amejibu "sijambo" ya Kirumi, akainyima "ila" yake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji nadharia ya nakala mbili ili amfahamu.

Kuna jambo jingine ambalo ni la lugha tupu. Kiingereza kinamwezesha Messala kuuliza kwa kiwakilishi cha kike peke yake, na kila asikiaye akajua kuwa anayeulizwa ni Portia. Kiswahili hakina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. Basi mfasiri yeyote wa Kiswahili analazimika ama kumwacha mwanamke huyo katika "yeye" isiyo na uso, ama kumtaja kwa ujamaa wake: mkeo. Akisema "mkeo", swali linabadilika. Linaacha kuwa swali la ofisa kwa jemadari wake, linakuwa swali la ndugu kwa ndugu, kama lile wanaloulizana watu wa kijiji kimoja wakikutana ugenini. Hapo lugha yetu inampa Shakespeare joto ambalo lugha yake haikulazimika kulitoa.

Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia hii mwaka 1963, akaipitia na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Wengi wamestaajabia kiongozi wa nchi kufasiri kisa cha kuuawa kwa mtawala. Mimi nastaajabia zaidi mahali alikotoka mfasiri. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Alikipata alipoanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Kutoka 1943 hadi 1945 alikuwa Makerere, na kutoka 1949 hadi 1952 alikuwa Edinburgh. Mtu huyu alijua maana ya kuwa mbali. Tena alikijua Kiswahili kama walivyokijua watu wengi wa Mara wa wakati wake, yaani lugha ya shule, ya boma na ya barua, iliyo tofauti na lugha ya mekoni kwa mama.

Katika miaka hiyohiyo ya Makerere, vijana wa rika lake walikuwa wamekaa hemani kwelikweli. Mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya King's African Rifles ambavyo wazee waliviita Keya, ilipelekwa kisiwa cha Ceylon, leo Sri Lanka. Ilikaa huko takriban mwaka mzima ikifanya mazoezi, kabla ya kuingizwa Burma katikati ya mwaka 1944. Ikashuka bonde la Kabaw katika mvua za pepo za kusi, hata ikauvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Watanganyika waliotumikia jeshi katika vita vile hukadiriwa kuwa 87,000, na wilaya ya Musoma, ambayo wakati huo ilizikusanya Bunda na Butiama za leo, ilitoa fungu lake. Kwa mhakiki, mwaka ule wa Ceylon una thamani kuliko miezi ya mapigano. Askari yuko ng'ambo, vita bado. Mchana ana mazoezi, na jioni ana karatasi, au anamtafuta mwenye kujua kuandika. Wala kungoja huko hakukuwa salama. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Walikufa watu 1,297, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hao walikufa kabla ya kuiona Burma, kati ya barua waliyoiacha nyuma na barua ambayo wangeiandika wakifika.

Barua ya askari wa Musoma ilikuwa na safari ya lugha iliyo ndefu kama safari yake ya bahari. Wilaya ile ilikuwa na Wazanaki, Wajita, Wakurya, Waikizu, Wakwaya, Waikoma, Wajaluo na wengineo, kila watu na lugha yao. Askari Mzanaki alimfikiria mama yake kwa Kizanaki, lakini barua yake aliiandika, au aliandikiwa, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kikosi na ndicho alichokisoma mkaguzi wa barua. Mkaguzi aliisoma kwanza, kwani mahali pa kikosi na mwendo wake havikuruhusiwa kutajwa. Ilipofika nyumbani haikusomwa na mama. Ilisomwa na mwalimu, au karani, au katekista, au mtoto aliyekuwa shuleni, naye akaigeuza papo hapo kuwa Kizanaki. Jibu likarudi kwa njia ileile: mama akasema kwa lugha yake, mwandishi akaweka Kiswahili. Hivyo kila salamu ilifasiriwa mara mbili na watu ambao hakuna aliyepata kuwaita wafasiri. Sisi tunaojisifu kwa kufasiri Shakespeare hatuna budi kukiri kwamba kazi hii ilitangulia Mara kabla ya mwaka 1963, ikafanywa chini ya miti na vibarazani, bila ya kamusi.

Ndani ya barua hizo mlikuwa na nini? Atakayezisoma kwa haraka atasema kwamba hamna kitu, salamu tupu. Atakuta kwamba mwandishi ni mzima wa afya, kwamba hofu yake ni kwa walio nyumbani, kwamba anamsalimu baba, mama, kaka, dada, mjomba na shangazi, mmoja mmoja, mpaka ukurasa unakwisha. Wasomaji wetu wa visiwani wataitambua kanuni hiyo kwa sababu ilitoka huku pwani. Barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo Carl Büttner alizichapa mwaka 1892, zinaonyesha adabu ya namna hiyo: salamu hutangulia, hali hufuata, ndipo haja inaposemwa. Adabu hiyo ilipanda bara pamoja na misafara, shule, misheni na majeshi, ikafika ziwani. Kijana wa Bunda aliyeandika kutoka Ceylon kwamba hajambo alikuwa akitumia chombo kilichochongwa Unguja, Lamu na Mombasa.

Nami nasema kwamba chombo hicho ni cha kishairi, na ushahidi wake uko masikioni. Hebu tuzipange salamu hizo bila ya kuongeza pambo lolote:

Salamu nyingi mamangu
na baba na ndugu zangu
mzima na afya yangu
hofu ni kwenu nyumbani.

Nimefanya kuzipanga tu. Kila mstari una mizani nane, vina vya mistari mitatu vimekubaliana vyenyewe, na wa nne umejitenga kama bahari ya utenzi ipendavyo. Aliyezoea kusikia tenzi hawezi kuandika salamu nje ya mapigo hayo, na asiyezizoea amezipokea tayari zimepigwa. Ndiyo maana barua iliweza kusomwa kwa sauti mbele ya ukoo mzima, na kukumbukwa na mama asiyejua kusoma. Faida ya kanuni hapa ni kwamba mkaguzi hakuwa na la kukata. Nani atakayekata salamu? Mwandishi aliyefungwa mdomo alipewa na mapokeo maneno ambayo yalipita kila mlango, na maneno hayo, kwa bahati njema, ndiyo hasa ambayo mama aliyataka: yu hai, anatukumbuka, amemtaja kila mtu kwa jina.

Kisha inakuja ile "ila". Hapo ndipo mhakiki anapopaswa kuivaa miwani yake. Hali yangu ni njema, ila huku baridi ni kali. Hali yangu ni njema, ila fulani wa kwetu hatumwoni tena. Hali yangu ni njema, ila ng'ombe msiwauze mpaka mpate neno langu. Mifano hii nimeitunga mimi, lakini kila aliyewahi kuandika au kuandikiwa barua ya Kiswahili atajua kwamba haikuzuliwa. Barua nzima ni mlango, na "ila" ni tundu la ufunguo. Katika agizo la ng'ombe mna wosia: mtu anayesema msiuze mpaka mpate neno langu anajua kuwa huenda neno lisije. Ushairi mwingi wa hisia umeandikwa kwa maneno mengi zaidi ya hayo ukafikisha machache.

Sasa tuzigeukie tenzi zetu za vita. Shaaban Robert alituachia Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945, kazi kubwa ya beti zipatazo 3,000, iliyotoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Henry Muhanika alitupa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada mwaka 1981. Sizitaji ili kuzishusha. Utenzi wa vita una wajibu wake tangu jadi: kutaja majemadari, kuhesabu majeshi, kueleza nani alianza na nani alishinda, na kuwapa wasikilizaji fundisho. Kwa kazi hiyo mtunzi husimama juu, mahali ambapo ramani yote inaonekana. Lakini kutoka juu hema halionekani ndani. Mtu asomaye tenzi hizo atajua vita vilikwendaje. Hatajua jioni ya kabla ya vita ilikaaje, wala aliyekuwa nyumbani alipata habari kwa njia gani.

Ajabu ni kwamba Shaaban mwenyewe alikuwa na sauti nyingine. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, zilichapishwa mwaka 2002, na miaka ya vita imo katikati ya miaka hiyo. Ziweke barua hizo kando ya utenzi, nawe utaona watu wawili katika mtu mmoja: mmoja anayekitazama kilimwengu cha wafalme na majeshi, mwingine ndugu mwenye haja, maradhi, matumaini na deni la salamu. Huyu wa pili tumemwachia wanahistoria, wa kwanza tukampa wahakiki. Huo ndio mgawanyo ninaoupinga. Barua imewekwa nje ya fasihi kwa hoja kwamba haikukusudiwa watu wote. Lakini mashairi ya kujibizana ya Kamange na Sarahani wa Pemba nayo yalielekezwa kwa mtu mahususi, na hakuna anayeyatoa katika ushairi kwa ajili hiyo.

Yupo atakayepinga, na hoja yake ina uzito. Atasema: kanuni ya salamu ni pazia, na pazia huficha uongo. Askari aliyeandika kuwa mzima pengine alikuwa kitandani na malaria. Brutus naye alimdanganya Messala. Kwa nini tuusifu uongo? Najibu kwamba hatuusifu; tunauliza ni nani aliyelipa gharama yake. Katika tamthilia, gharama imelipwa na Portia. Tunaambiwa kwamba alikufa kwa kutovumilia kutengana na mumewe na kwa hofu ya nguvu za maadui zake. Barua zimejaa onyesho zima, zina maseneta waliouawa na majeshi yanayokuja, lakini barua ya Portia haimo. Mwanamke aliye nyumbani anatajwa na wote, wala hasikiki. Hapo Shakespeare amesema kweli chungu, na hiyo kweli ilikuwa ya Mara pia. Mama wa askari alijibu kwa mkono wa mtu mwingine, kwa lugha ya mtu mwingine, mbele ya masikio ya watu wengine. Kama alikuwa na "ila" yake, aliiambia nani aiandike? Karani wa boma? Mtoto wa jirani?

Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyefanya utafiti wa miaka mingi mkoani Mara, katika kitabu chake Claiming Civic Virtue cha mwaka 2019 ameonyesha jinsi wanawake wa huko walivyokuwa watunzaji wa kumbukumbu za udugu na mahusiano ya watu na watu, ilhali historia inayosimuliwa hadharani ilikuwa ya wanaume. Naona katika hilo ufunguo wa kuzisoma barua za Keya. Orodha ndefu ya salamu, ambayo sisi wasomi wa mjini tunaiona inachosha, ilimpa mama kumbukumbu ya aina aliyokuwa mtunzaji wake: nani ametajwa, nani amesahauliwa, nani amewekwa mbele ya nani. Mwana aliyesahau kumtaja shangazi alikuwa amesema jambo, hata kama hakukusudia. Mama ndiye aliyekuwa mhakiki wa kwanza wa maandishi hayo, na bila ya shaka alikuwa mkali kuliko sisi.

Jambo hili si la kale tu. Tanzania imepeleka wanajeshi katika kazi za kulinda amani za Umoja wa Mataifa huko Lebanon, Darfur, Jamhuri ya Afrika ya Kati na mashariki ya Kongo. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, Kivu ya Kaskazini, ilishambuliwa, wakauawa wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14. Wa zama hizi hawangoji meli. Wana simu, mama anaisikia sauti ya mwanawe kwa lugha yao wenyewe, pasipo mwalimu wala karani kusimama katikati. Hiyo ni neema, na sitaki nionekane ninayaonea wivu machungu ya wazee. Lakini simu ikikatika hakibaki kitu cha kuwekwa sandukuni. Salamu ya jioni kabla ya shambulio imekwenda na upepo, au imo katika simu iliyokwisha kuharibika. Kizazi kilichoandika kwa shida kiliacha karatasi. Kinachosema kwa wepesi huenda kisiache hata neno moja.

Kwa hiyo yale makaratasi yanayosalia katika masanduku ya bati huko Musoma, Bunda na Butiama, na huku kwetu visiwani pia, yana haki ya kusomwa na wenye kujua ushairi kabla ya mchwa hawajayasoma. Barua za Shaaban zilichapishwa kwa kuwa zilikuwa za Shaaban. Za askari wa Keya zitapata mhariri siku tutakapokubali kwamba nazo ni kazi za lugha. Nina ombi moja kwa mhariri huyo, na kwa mjukuu yeyote atakayezinakili. Desturi ya wahariri ni kuzikata salamu, wakaweka nukta tatu, wakaanza pale wanapoona pana habari. Wasifanye hivyo. Wazinakili nzima, na kila jina la shangazi lililomo.